Kabla ya kununua sarafu ya mtandaoni, Kibiti iulize ufunguo anao nani

Katikati ya mwaka, ufuta wa wilaya za Kibiti na Rufiji hupita mnadani kwa stakabadhi ghalani, malipo yakaingia kwenye akaunti za wakulima. Baadaye hufuata msimu wa korosho. Wanaowinda fedha za wengine wanaijua kalenda hiyo vizuri, na siku hizi wanakuja na msamiati mpya: blokucheni, tokeni, pochi, uchimbaji. Wenye mamlaka wanakosea kuwaachia wauzaji kazi ya kuueleza.

Maneno mazuri yameshawaumiza Watanzania. Serikali ilipoisimamisha taasisi ya DECI mwaka 2009, watu wengi walikuwa wamekwisha “kupanda mbegu” humo, lugha ya shambani iliyofunika upatu ambamo aliyetangulia hulipwa kwa fedha ya aliyefuata. OneCoin, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Ruja Ignatova wa Bulgaria, ilifanya hivyohivyo kwa lugha ya sarafu za mtandaoni. Iliuzwa hadi Uganda, na kwa mujibu wa waendesha mashtaka wa Marekani ilikusanya zaidi ya dola bilioni 4 duniani. Blokucheni ya kweli haikuwapo. Ignatova alitoweka Oktoba 2017. Mnunuzi aliyeijua maana ya blokucheni angeweza kumbana muuzaji kwa swali moja: daftari lenu liko wapi, tulisome?

Kwa maana blokucheni ni daftari. Mwanakikoba wa Bungu au Ikwiriri analielewa jambo hili kuliko anavyodhaniwa. Hisa za kila mmoja hutajwa mbele ya wote, na mweka hazina akichezea tarakimu usiku, kikao kizima kitamkatalia kesho yake. Blokucheni inafanya kazi kwa namna hiyo, ila kumbukumbu ziko kwenye maelfu ya kompyuta duniani. Miamala hufungwa katika mafungu yaitwayo bloku, na kila bloku hubeba alama ya kihesabu ya iliyotangulia. Ukifuta mstari wa zamani, alama zote zinazofuata zinagoma, na kompyuta nyingine zinakukataa. Katika Bitcoin, iliyoanza kazi Januari 2009, bloku mpya huongezwa takriban kila dakika 10. Kuiongeza ndiko kunakoitwa uchimbaji: mashine maalumu hushindana kukokotoa, zikila umeme mwingi, na inayoshinda hulipwa Bitcoin. Programu inayomwahidi mvuvi kwamba simu yake ya kawaida itamchimbia Bitcoin akiwa amelala inamdanganya.

Neno zito kuliko yote ni ufunguo. Pochi ya kidijitali haina fedha ndani yake. Inatunza ufunguo wa siri, ambao kwa kawaida huhifadhiwa kama maneno 12 au 24. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye mali, awe ameyapata kwa halali au kwa kulaghai. Aliyekosea namba kwenye M-Pesa hupiga simu na pengine akarudishiwa. Kwenye blokucheni hakuna wa kupigiwa. Na anayenunua kupitia soko la kubadilishia sarafu, mara nyingi ufunguo hubaki kwa mwenye soko. Wateja wa soko la FTX waliujua uchungu wa hilo Novemba 2022, kampuni hiyo ilipoomba ulinzi wa kufilisika huku fedha zao zikiwa ndani.

Tokeni nayo ina mtego wake. Kibiti wanaijua kama namba za Luku, zinazoingizwa kwenye mita na umeme ukawaka palepale. Kwenye blokucheni, tokeni ni rekodi tu ya dai, na thamani yake inategemea kilicho nyuma yake na mtu anayeweza kushtakiwa kikikosekana. Delta ya Mto Rufiji inahusika moja kwa moja. Mikoko ya Rufiji, takriban hekta 53,000, ndiyo mingi kuliko ya sehemu nyingine yoyote Tanzania, na hati za kaboni za mikoko zinauzwa jirani tu, Gazi nchini Kenya, tangu mradi wa Mikoko Pamoja ulipoanza mwaka 2013. Wapo walioanza kugeuza hati za kaboni kuwa tokeni, hata Mei 2022 shirika la Verra, ambalo ni msajili mkubwa wa hati hizo, likapiga marufuku tokeni zinazotokana na hati zilizokwisha kutumika. Kijiji cha Salale au Mbwera kikiletewa mkataba wenye neno hilo, kijue kwanza kinachodaiwa ni nini na nani atalipa.

Sheria za Tanzania zenyewe hazijamsaidia sana mwananchi. Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu hizi si fedha halali. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ijiandae kwa mabadiliko hayo. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Mkulima anayesikia kodi hukisia kwamba biashara imehalalishwa na inalindwa. Kukatwa kodi hakumaanishi kwamba akiba yake ina kinga, na ni wajibu wa Serikali kumwambia hivyo waziwazi. Kenya, kwa upande wake, ilitunga sheria ya watoa huduma za mali hizi Oktoba 2025, yenye masharti ya leseni.

Benki Kuu na Tume ya Maendeleo ya Ushirika wanaweza kuanza na kazi ndogo isiyongoja sheria: karatasi moja ya Kiswahili ibandikwe kwenye ofisi ya kila chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) kabla ya mnada wa kwanza wa ufuta, na isomwe kwa sauti mkutanoni. Iseme ufunguo wa siri ni nini na kwamba haupewi mtu yeyote, tokeni ni dai juu ya nani, kodi ya asilimia 3 inamaanisha nini, na aliyetapeliwa aripoti wapi. Nakala zipande pia boti za Nyamisati kwenda vijiji vya visiwani, ambako kwa wengi wakala wa simu ndiye benki.