Gorogoro moja ni kilo ngapi?

Majuzi niliandamana na mpwa wangu, mwanafunzi wa Gredi ya 5, hadi sokoni Keroka, pale Kisii na Nyamira zinapopakana. Tulipimiwa gorogoro moja ya maharagwe kwa shilingi 240. Nikamuuliza, "Hizo ni kilo ngapi?"

"Mbili, mjomba. Mbona imeandikwa kwenye kopo?"

Mzazi mwenzangu, huyo ni mtoto anayejua kwa moyo kwamba kilo 1 ni gramu 1,000! Lakini zile kilo 2 ni za mafuta ya kupikia yaliyokuwamo koponi. Maharagwe yana uzito wake, mahindi wake na wimbi wake. Tena gorogoro iliyosawazishwa mdomoni si sawa na iliyojazwa hadi kilele, na kuna makopo yaliyobonyezwa kitako.

Tulipitia dukani kwa jirani, tukaomba mizani. Kilo 1 na gramu 600. Mtoto akatoa kalamu, akagawa 240 kwa 1.6, akapata shilingi 150 kwa kilo. Kwa hesabu yake ya kwanza ingekuwa 120. Na hapo dukani kilo ilikuwa shilingi 140.

"Kumbe dukani ni nafuu!" akasema.

Hesabu ya aina hii haihitaji karo. Mpe mtoto chupa ya lita 1 na gorogoro tupu, ajaze maji na kuhesabu mililita. Mwambie apime gorogoro ya mahindi, kisha ya wimbi, aandike gramu za kila moja. Mkienda mashambani likizoni, mwache asome mizani ya majani chai. Akijua kwamba kilo 4 hadi 5 za majani mabichi hutoa takriban kilo 1 ya majani makavu, mwulize mavuno ya siku hiyo yatatoa kilo ngapi.

Vipimo vya kienyeji si vya kudharauliwa. Watu wa pwani walipima kwa vibaba, vinne vikawa pishi moja, na hadi leo tunasema haba na haba hujaza kibaba. La muhimu ni mtoto ajue kutoka kipimo kimoja hadi kingine.

Tuliporudi sokoni, mpwa wangu alimwamkia mama muuzaji kwa heshima, akaomba kopo, akaligeuza na kutazama kitako. Ndipo akatoa pesa.