Kalistemoni si gugumaji

Mwandishi anayetaka kila ua la Australia ling'olewe Kisumu, eti ni ndugu wa gugumaji, amekosea. Gugumaji lilitoka Amerika Kusini, likaonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Chipukizi moja likikatika, linaelea na kuanzisha kundi jipya. Kalistemoni, kile kichaka cha Australia chenye maua mekundu mithili ya burashi ya kuoshea chupa, hufungia mbegu katika vifuko vigumu vinavyong'ang'ania tawi kwa miaka. Aina fupi kama 'Little John' huoteshwa kwa vipande vya matawi, maana mbegu hazirithi umbo lake. Na chozi wetu wanafyonza nekta yake! Anayechukia gugumaji awakabili wanaomwaga maji taka ziwani, yanayorutubisha gugu hilo.