Harambee ya afya ya akili ianzie sokoni

Msiba ukitokea mtaani, mwenye duka huwa wa kwanza kutoa sukari na unga. Mgonjwa akihitaji upasuaji, daftari la mchango huzungushwa kutoka kwa kinyozi hadi steji ya bodaboda. Lakini anayeugua sonona hachangiwi. Jamaa humficha, majirani hunong'ona kuwa amerogwa.

Sheria za Kenya zimepiga hatua. Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022, na Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Sasa huduma ziwafikie wananchi, nazo zina gharama: nauli ya kliniki, dawa za kila mwezi, posho ya mshauri nasaha.

Hapa wafanyabiashara wana nafasi kubwa. Jijini Harare, mpango ulioasisiwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 huwafunza akina nyanya kuwasikiliza wenye dhiki, wakiketi nao kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Benchi na mafunzo ni gharama ambazo wachuuzi wa soko moja wanaweza kuzibeba wakishirikiana.

Tunawahimiza waanze Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani. Watenge sehemu ya mauzo, wachague kamati, na hesabu zibandikwe hadharani. Serikali za kaunti nazo zisijifiche nyuma ya ukarimu huo: kuajiri wauguzi na kununua dawa ni wajibu wao.