Umoja wa Wahariri na Ufike Hadi Garsen

Taifa haliingii katika demokrasia siku ya kupiga kura peke yake. Huingia pale mwananchi anapoyajua yale yanayotendwa kwa jina lake, akayasema bila kutazama nyuma. Kwa hiyo sisi tulio katika safari ya mageuzi twauliza swali ambalo wengi hulipuuza: wahariri wa habari, wakiungana katika chama chao, wana wajibu gani? Na wajibu huo waishia Nairobi, au wamfikia mkulima na mfugaji wa Garsen?

Tukumbuke kwanza jinsi kalamu zilivyovunjwa. Mwaka 1988 jarida la Beyond, lililochapishwa na Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, liliandika waziwazi juu ya hila za uchaguzi wa mlolongo. Likapigwa marufuku. Mhariri wake, Bedan Mbugua, akahukumiwa kifungo, si kwa kosa la kuandika uongo bali kwa kutowasilisha hesabu za mauzo serikalini. Mwaka 1990 Gitobu Imanyara, mhariri wa Nairobi Law Monthly, alikamatwa na jarida lake likapigwa marufuku. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991 na vyama vingi vikarudi, lakini mwaka 1993 polisi walivamia kiwanda cha uchapaji cha Fotoform jijini Nairobi na kung'oa vipuri vya mitambo yake.

Mbinu ilikuwa ile ile: kumtenga mmoja, kumponda, kisha kumwendea mwingine. Kidole kimoja hakivunji chawa, nao watawala walilijua hilo kabla yetu.

Ndipo tunapouona umuhimu wa chama cha wahariri. Chama hicho si chama cha siasa, wala si chama cha wenye mali. Mwenye kituo cha runinga ana leseni ya kuilinda, ana madeni, anategemea matangazo ya serikali. Mhariri ana dhamiri yake tu, na akisimama peke yake hufutwa kazi. Wakisimama wahariri wote pamoja, ni nani atakayewafuta?

Majirani zetu walituonyesha mfano. Machi 2017, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alipoingia usiku katika studio za Clouds akiwa na watu wenye silaha, Jukwaa la Wahariri Tanzania, pamoja na wenzao wa tasnia ya habari, lilitangaza kususia habari zake. Hapa kwetu, Januari 2018, Linus Kaikai, aliyekuwa mwenyekiti wa Chama cha Wahariri Kenya, alitoa taarifa kwa umma kwamba vyombo vya habari vilikuwa vimetishiwa kufungwa vikionyesha moja kwa moja kuapishwa kwa Raila Odinga. Siku iliyofuata stesheni za NTV, KTN na Citizen zilizimwa. Lakini kwa kuwa tishio lilikwisha kutajwa hadharani, hapakuwa tena na nafasi ya kusingizia hitilafu ya mitambo. Mahakama Kuu ikaamuru mitambo ifunguliwe. Tarehe 25 Juni 2025 stesheni ziliamriwa tena kuacha kutangaza maandamano moja kwa moja, nayo mahakama ikaisimamisha amri hiyo.

Hayo twayasifu. Lakini runinga tatu zikizimwa, dunia nzima husikia. Mwandishi mmoja akitishwa pale Garsen, ni nani asikiaye? Waandishi wengi wa mashinani hulipwa kwa habari iliyochapishwa tu, hawana mshahara, hawana bima, wala hawana wakili wa kuwatetea. Mtu wa namna hiyo tunamtaka amuulize mkuu wa polisi maswali magumu, kisha alale usingizi?

Tana River yajua gharama ya ukimya. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya kizuizini ya Hola. Tangazo la kwanza la serikali ya kikoloni lilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo ulivunjwa na uchunguzi wa maiti na wa mahakama, kisha ukajadiliwa katika Bunge la Uingereza. Ukweli wa Hola ulihukumiwa London, maelfu ya maili kutoka kingo za mto huu.

Miaka 53 baadaye, kati ya Agosti na Desemba 2012, zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta ya Tana. Reketa, Chamwanamuma, Kilelengwani, Kipao: majina haya yalijulikana kwa Wakenya wengi baada ya maiti kuhesabiwa. Ilhali ugomvi wa shamba, malisho na njia za mifugo kuelekea mtoni haukuwa siri. Ulikwisha kumwaga damu mwaka 2001. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ufa huu ulionekana miaka 11 kabla. Mwandishi aliyeketi Garsen miezi yote, mwenye kusikilizana na Mpokomo, Muorma na Mwardei, angeweza kuuliza maswali ya ardhi kabla ya mapanga kunolewa. Na Februari 2013, Mahakama Kuu ilipoamuru mipango ya matumizi ya ardhi ya delta iandaliwe kwa kuwashirikisha wenyeji, hukumu hiyo nayo ilihitaji mtu wa kuifuatilia, mwaka baada ya mwaka.

Wako watakaosema kwamba wahariri wakiungana, wataungana pia katika kunyamaza. Hofu hiyo si ya bure. Dawa yake ni kuutaka umoja huo ulinde haki ya kuuliza, usigeuke kuwa mapatano ya kipi kisichapishwe.

Sheria ipo. Katiba ya 2010 yalinda uhuru wa vyombo vya habari katika kifungu cha 34, na haki ya kila raia kupata habari katika kifungu cha 35. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yampa afisa wa umma siku 21 kujibu ombi la mwananchi, na saa 48 tu ikiwa habari hiyo yahusu uhai au uhuru wa mtu. Sisi mawakili twajua kwamba sheria isiyotumiwa hulala kabatini.

Basi twawaomba wahariri mambo matatu. Mwandishi wa mashinani na awe mwanachama kamili wa chama chao. Pawe na mfuko wa kumtetea mahakamani siku atakapokamatwa. Na atakapotishwa, magazeti yote yachapishe jina la aliyemtisha.

Nanyi wasomaji wetu, makanisani na katika vikundi vya mageuzi, msingoje Nairobi. Andikeni maombi ya habari juu ya ardhi na usalama, wekeni nakala, wahusisheni jirani zenu wa msikitini, na mpelekeeni mwandishi wa Garsen majibu mnayopewa. Mkinyimwa majibu, mwambieni hilo pia, maana nalo ni habari.