Bibi Harusi, Anza na Mlangoni

Tuseme ukweli: tunakopa kwa ajili ya jukwaa la harusi la usiku mmoja, kisha mgeni anaingia nyumba mpya kwa kuruka rundo la viatu. Buibui limetupwa kwenye kochi, na bibi mwenye magoti mabovu anavua makubadhi huku kashika ukuta.

Punguzeni jukwaa, mwiteni fundi seremala. Awatengenezee kiango cha mlangoni: benchi la kukalia, rafu ya viatu chini yake, kulabu juu. Benchi liwe na kimo cha sentimita 45, na upande mmoja ubaki wazi ili buibui lining'inie bila kukunjika. Mbao ziwe za msaji au mfenesi. Zile za unga wa mbao na gundi huvimba kwa unyevu wetu. Na kisimame kwa miguu yake, maana kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe hazishiki misumari vizuri.

Mtasema hiyo ni anasa ya Wazungu wenye makoti. Sisi tunaovua viatu kila tunapoingia ndani, nani anakihitaji kuliko sisi? Israfu ni lile jukwaa linalobomolewa asubuhi. Kumkirimu mgeni ni katika dini yetu, na ukarimu unaanzia kizingitini.