Maziwa Kugeuka Waridi Hakuna Maana Kwamba Mfugaji ni Mchafu

Ndugu mfugaji, na wewe unayepokea maziwa kituoni, leo nawasemesha wote wawili.

Malalamiko ninayoletewa ni yale yale. Maziwa yamefika kituoni, yametiwa rezazurini, yamegeuka waridi. Mfugaji anaambiwa mbele ya wenzake: "Keni zako chafu, rudi nayo." Anarudi, anasugua keni, anachemsha vitambaa. Kesho yake rangi ni ile ile, na fedha hakuna. Hukumu ya namna hii haina msingi na inapaswa kukoma.

Tuangalie kipimo chenyewe. Mililita 10 za maziwa hutiwa mililita 1 ya rezazurini, kisha huwekwa kwenye maji ya nyuzi joto 37 hivi kwa dakika 10. Dawa hii ni ya buluu. Vimeng'enya vya bakteria hai vikifanya kazi, rangi huenda zambarau, kisha waridi, mwisho nyeupe. Alama 6 ni buluu, alama 0 ni nyeupe. Tatizo ni kwamba rezazurini haihesabu bakteria hata mmoja. Inaonyesha kazi iliyofanyika tu, bila kujua nani kaifanya.

Na maziwa yana vyake. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele hutoa maziwa yaliyojaa chembe nyeupe za damu, na chembe hizo nazo hubadilisha rangi ya rezazurini. Dang'a hufanya hivyo hivyo, na pia maziwa ya ng'ombe anayekaribia kukauka. Keni inaweza kuwa safi kabisa.

Sisemi maziwa hayo yapokelewe. Yakataliwe, lakini mfugaji aambiwe sababu ya kweli. Ukimtuma akasugue keni wakati kiwele kinaumwa, ng'ombe anabaki bila matibabu, na chuchu inaweza kufa moja kwa moja.

Buluu nayo hudanganya. Maziwa yaliyolala kwenye friji yanaweza kubaki buluu kwa sababu bakteria wamepoa, si kwa sababu hawapo. Mabaki ya antibiotiki huwazuia bakteria kufanya kazi, hivyo maziwa yanapita, na dawa inakwenda kwa mtoto anayekunywa. Aliyetia haidrojeni peroksaidi pia anaweza kupita. Kwa hiyo ukitegemea rangi peke yake, mjanja analipwa na mwaminifu anarudishwa.

Najua jibu la vituoni: foleni ni ndefu na maziwa hayasubiri. Ni kweli. Ndiyo maana rezazurini ni nzuri kwa kuchuja. Lakini kuchuja si kuhukumu. Kipimo cha kiwele cha CMT huchukua muda mfupi kuliko hizo dakika 10, na hufanyika hapo hapo zizini.

Mfugaji, fanya haya:

1. Kila unapokamua, toa michirizi ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi. Ukiona mabonge, damu au majimaji, maziwa hayo yasiingie kwenye keni.
2. Maziwa yakikataliwa, uliza yamepata alama ngapi. Kisha omba CMT kwa kila ng'ombe na kila chuchu. Maziwa yaliyochanganywa hayakuonyeshi mgonjwa ni yupi.
3. Usiuze dang'a. Ng'ombe akitibiwa, subiri siku zote zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa.

Mpokeaji, nawe:

1. Weka testi tyubu mbali na jua, na pima joto la maji kwa kipimajoto, si kwa kidole.
2. Alama za katikati ni za kutilia shaka. Tenga maziwa hayo, yapime tena kwa njia nyingine.
3. Andika alama na sababu kwenye kadi ya mfugaji. Neno "machafu" halimsaidii kurekebisha kitu.

Ushirika unaowakata wafugaji fedha kwa rangi ya testi tyubu moja unapaswa kuulizwa mkutanoni. Ulizeni bila woga, maziwa ni yenu. Na kabla ya kununua keni mpya, mwite afisa ugani wa mifugo wa kata yako akague viwele kwanza.