Kabla Hujashusha Injini Tena, Niletee Namba Nne

Kuna sentensi moja ukiisikia gereji ujue mfuko wako umeshatoboka: "Kompresheni iko chini, inabidi tushushe injini tena." Mbaya zaidi, mara nyingi inasemwa kuhusu injini iliyosukwa upya juzi tu. Ringi mpya, gasketi mpya, risiti za spea bado zimo ndani ya gari. Mwenye gari akiuliza, "Umejuaje?" anajibiwa, "Si unaona haina nguvu?"

Msimamo wangu ni huu: anayesema kompresheni iko chini bila kutoa namba bado hajasema kitu. Amekisia tu, na makisio ya gereji hulipiwa na mtu mwingine. Nalileta hili kwenye jarida la wanafunzi kwa sababu tangu Januari 2024 mkondo wa amali umeanza sekondari, chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023. Ufundi unaingia darasani, na baadhi yetu ndio tutakaosimama mbele ya darasa hilo. Tutawafundisha vijana kufungua nati, au kujua ni nati ipi ya kufungua?

Chukua gari moja la kwetu Mbinga. Ni Subaru Forester yenye tabo, mali ya mnunuzi wa kahawa anayepanda na kushuka barabara ya Mbamba Bay. Injini ilisukwa, ikarudi haina nguvu. Kushuka kwenda ziwani ilikuwa haina shida (mteremko nani anashindwa?), lakini kurudi na mzigo wa dagaa ilikuwa inakata pumzi. Gereji ikaishusha, ikabadilisha gasketi za hedi. Tatizo likabaki. Ikaishusha tena, zikabadilishwa ringi. Likabaki palepale. Msimu wa kahawa ukaisha gari likiwa juu ya mawe.

Ndipo akaitwa fundi mwingine, akaja na geji ya kompresheni. Silinda ya 1 na ya 3 zikasoma psi 140 na 138. Ya 2 na ya 4 zikasoma 95 na 97. Namba nne tu, na mjadala ukabadilika. Injini ya Subaru imelala: silinda ya 1 na ya 3 ziko upande wa kulia, ya 2 na ya 4 upande wa kushoto. Kwa hiyo upande mzima ulikuwa chini, na kwa kiwango karibu sawa. Ringi hazina tabia ya kuchoka kwa kufuata upande. Vitu vinavyounganisha silinda za upande mmoja ni gasketi ya hedi yake na kamshafti zake. Gasketi ilikuwa imeshabadilishwa, na kukagua taiming hakuhitaji kushusha injini, basi akaanza na taiming. Puli za kamshafti za kushoto zilikuwa zimekaa meno mawili nje ya alama. Belti ikapangwa upya, gari likapanda mlima.

Uone hasara ilivyokaa. Gasketi zilikuwa nzuri, ringi zilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni kipimo cha nusu saa mpaka saa moja.

Lakini tusiishie kusema "nunua geji". Namba bila masharti ya kipimo nayo inaweza kudanganya. Betri ikiwa dhaifu, stata inazungusha injini polepole na namba inashuka. Ukitoa plagi ya silinda moja ukaacha nyingine tatu, ni vilevile. Usipokanyaga pedali ya mafuta mpaka chini, hewa haiingii ya kutosha, silinda zote zinaonekana mgonjwa. Kwa hiyo: injini iwe ya moto, betri iwe imejaa, plagi zote zitoke, umeme wa koili na pampu ya petroli vikatwe, pedali chini kabisa, na kila silinda ipigwe stata kwa mizunguko ileile mpaka mshale wa geji uache kupanda. Andika namba kwenye karatasi. Usiziweke kichwani.

Halafu kuna jambo la kwetu ambalo hulisomi kwenye kijitabu cha gari. Mbinga mjini ni juu sana, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, wakati Ziwa Nyasa liko kwenye mita 500 hivi. Hewa ya juu ni nyepesi. Injini nzima kabisa ambayo ingesoma psi 170 pale Mbamba Bay inaweza kusoma 155 hivi ukiipima Mbinga, bila ringi hata moja kuharibika. Na tabo haikusaidii kwenye kipimo hiki, kwa sababu ukipiga stata tu hakuna moshi wa kutosha kuizungusha. Tabo inafidia wepesi wa hewa gari likiwa barabarani. Tena injini za petroli zenye tabo kwa kawaida hutengenezwa na uwiano mdogo wa mgandamizo kuliko zisizo na tabo. Ukizilinganisha na namba za Subaru ya kawaida ya jirani, utaiita mbovu injini ambayo iko sawa. Ndiyo maana la kuangalia kwanza ni tofauti kati ya silinda na silinda. Tofauti ikivuka asilimia 10 mpaka 15, hapo kuna kesi.

Injini iliyosukwa juzi ina utetezi wake pia. Ringi mpya bado hazijakaa kwenye ukuta wa silinda. Zinahitaji kufanya kazi kidogo, si kuachwa zinanguruma gereji siku nzima. Kilima cha wastani, mzigo wa wastani, bila kuikamua. Silinda zote nne zikiwa chini kidogo na zinalingana, pengine dawa ni kilomita mia kadhaa na kipimo cha pili. Spana hapo haina kazi.

Na kama silinda moja kweli iko chini, bado hujafika kwenye kushusha injini. Leta kompresa ya upepo wa matairi na kiunganishi cha kukaa kwenye tundu la plagi. Weka pistoni juu kabisa, valvu zote zikiwa zimefunga, zuia injini isizunguke, ingiza upepo polepole, kisha tega sikio. Ukivumia kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi haifungi. Ukivumia upande wa kuingizia hewa, ni valvu ya kuingizia. Ukitokea kwenye mdomo wa kujazia oili, angalia ringi. Rejeta ikitoa mapovu, gasketi ya hedi au hedi yenyewe. Wengine hutia kijiko cha oili kwenye silinda na kupima tena: namba ikipanda, wanalaumu ringi. Njia hiyo ni nzuri kwa injini iliyosimama. Kwa Subaru iliyolala, oili inajikusanya upande wa chini, jibu linakuwa la mashaka.

Nawasikia watakaosema, "Wewe mtu wa vitabu, fundi mzoefu anasikia tu kwa sikio." Ni kweli, na simdharau. Wamatengo walichimba ngoro kwenye miteremko ya Mbinga bila cheti cha chuo chochote, na mashimo yale yanashika maji na udongo mpaka leo. Maarifa hayaanzi na cheti. VETA yenyewe, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Lakini sikio la fundi mzoefu halirithishwi. Kijana anayejifunza chini ya mwembe anaona mkono wa bosi ukifungua, haoni kichwa cha bosi kikiamua. Anabeba mkono, anaacha uamuzi. Namba iliyoandikwa kwenye daftari ndiyo inayomwezesha kumuuliza bosi, "Kwa nini hii na si ile?"

Kuhusu bei, sikubali kirahisi. Geji ya kawaida ya petroli haizidi gharama ya kushusha na kupandisha injini mara moja. Mafundi watatu wa mtaa mmoja wanaweza kuchanga na kuitumia kwa zamu.

Sasa turudi kwetu, wana-elimu. Wengi wetu tukienda BTP tutafanya kosa lilelile la gereji. Darasa likifeli jaribio, tunarudia mada nzima tangu mwanzo. Hiyo ndiyo kushusha injini. Ni nani amefeli, swali lipi, kwa hatua ipi? Upande mmoja wa darasa umeanguka pamoja, au ni mtoto mmoja mmoja? Wote wako chini kidogo kwa sababu mada ni ya jana na haijakaa? Majibu hayo yanapatikana kwenye madaftari yao kabla hatujashika chaki.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. La kwanza, kwa atakayefundisha ufundi wa magari kwenye mkondo wa amali: kipindi cha kwanza cha injini kiwe cha kupima na kuandika, na mwanafunzi apewe alama kwa kueleza kwa nini hafungui. Shule isiyo na injini nzima inaweza kuanza na karatasi. Wape zile namba nne za Subaru ya Mbinga, waambie silinda zimekaaje, wabishane. La pili, kwa kila mwenye gari, na kwa kila mtoto wa mwenye gari anayesoma hapa: mkiambiwa kompresheni iko chini, msigombane na fundi, msimwite mwizi. Mwombeni namba nne, muulize betri ilikuwaje na pedali ilikanyagwa vipi. Fundi anayeijua kazi yake atafurahi kuulizwa. Asiyeijua ataanza kujifunza siku hiyo, na fedha ya kahawa itabaki nyumbani mpaka ijulikane inakwenda kununua nini.